Bango la LED ni Jengo: Lisimamishwe na Likaguliwe Kama Jengo

Barabara inayotoka Kisauni, mjini Mombasa, ikapita Bakarani na Mishomoroni kuelekea Mtopanga na Kiembeni inabeba kazi nyingi kwa pamoja. Matatu hushusha na kupakia abiria, tuktuk na bodaboda hujipenyeza pembeni, wachuuzi hupanga bidhaa zao hatua chache kutoka kwenye lami, watoto huvuka kwenda shule na madrasa, na nyumba za kuishi huanzia pale vibanda vinapoishia. Mfanyabiashara anayetafuta pa kusimamisha skrini kubwa ya matangazo atapapenda mahali kama hapa: watu ni wengi, mwendo ni wa polepole, na macho yanapata nafasi ya kutazama. Sababu hizo hizo ndizo zinazolipa kosa dogo la ufundi uwezo wa kuumiza watu wengi kwa mara moja. Kwa hiyo mjadala kuhusu skrini hizi usianze na picha zinazoonyeshwa, wala na ada inayolipwa, bali na kile kinachozishikilia. Hoja yangu ni kwamba bango la LED ni jengo lenye mtambo wa umeme ndani yake. Likiwekwa mahali pa umma, liidhinishwe kama jengo, likaguliwe kama jengo, na liwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina atakayewajibika muda wote litakapokuwa limesimama.

Tofauti kati ya bango hili na lile la zamani ni kubwa kuliko inavyoonekana kutoka barabarani. Kitambaa cha plastiki kinachochapishwa matangazo kina uzito wa takriban nusu kilo kwa mita moja ya mraba. Makabati ya skrini ya LED, yaani yale masanduku ya chuma au alumini yanayounganishwa ubavu kwa ubavu hadi yakawa skrini moja, kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 30 hadi 50 kwa mita hiyo hiyo. Bango la upana wa mita 6 na kimo cha mita 4 lina eneo la mita 24 za mraba, basi makabati peke yake hukaribia tani moja kabla ya kuhesabu fremu, nguzo na ngazi ya fundi. Kwenye umeme nako mambo yamebadilika. Bango la kitambaa lilihitaji taa chache za kulimulika, au halikuhitaji hata moja. Skrini ya ukubwa huo ikiwaka nyeupe kwa nguvu zake zote yaweza kuvuta wati 700 kwa kila mita ya mraba, ambazo ni karibu kilowati 17, ingawa wastani wa matumizi ya siku nzima huwa kama theluthi ya kiwango hicho. Kwa hiyo anayeruhusu bango la LED anaruhusu mambo matatu: mzigo mzito ulioinuliwa juu ya vichwa vya watu, mtambo wa umeme ulio nje kwenye mvua, na chanzo cha mwanga mkali kinachoelekezwa machoni. Kila moja lina hatari zake na dawa zake.

Tuanze na upepo, kwa sababu ndio unaoangusha mabango. Watu wa pwani wanaujua upepo wao: kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huingia pamoja na mvua za masika kisha huendelea hadi karibu na mwisho wa mwaka. Nahodha akiona upepo unakaza huteremsha tanga. Bango la kitambaa laweza kukatwa kamba, na hata lisipokatwa huchanika lenyewe upepo ukapita. Skrini ya LED ni tanga lisiloteremka. Hesabu wanayoitumia wahandisi inaeleweka kwa urahisi: shinikizo la upepo hukua kwa mraba wa kasi yake, kwa hiyo upepo wa kilomita 50 kwa saa ukifika kilomita 100, nguvu yake haiwi mara mbili bali mara nne. Kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa shinikizo hufikia takriban kilo 48 kwa kila mita ya mraba. Kanuni za Ulaya za ujenzi huzidisha kiwango hicho kwa 1.8 kwa mabango, kwa sababu upepo husukuma mbele na wakati huo huo hufyonza nyuma. Bango letu la mita 24 za mraba basi husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani mbili, tena kwa upande, tena ikiwa mita 7 au 8 juu ya ardhi. Urefu huo huigeuza nguzo kuwa wenzo mrefu unaofanya kazi ya kung'oa msingi.

Hapo ndipo ardhi inapoingia katika hesabu. Ukanda wa Mombasa ulio karibu na bahari umekaa juu ya mwamba wa matumbawe na mchanga, na hali ya ardhi hubadilika ndani ya umbali mdogo: hapa jiwe gumu, pale shimo lililofunikwa na tabaka jembamba la jiwe, mbele kidogo mchanga mlegevu unaolowa na kulainika wakati wa masika. Vipimo vya msingi vilivyofaa upande mmoja wa barabara huenda visifae upande wa pili. Mhandisi makini huchimbisha shimo la kupima udongo mahali hasa nguzo itakaposimama, ndipo akaamua kina cha msingi, wingi wa zege, unene wa nondo na idadi ya bolti zitakazoishika nguzo. Kunakili mchoro wa bango la Nairobi au la Changamwe na kuuhamishia Mishomoroni si uhandisi. Kadhalika si uhandisi kuchukua nguzo iliyojengwa zamani kwa ajili ya kitambaa na kuitundikia skrini kwa sababu nguzo hiyo imekwisha kulipiwa. Hapo mzigo umeongezeka kwa karibu tani moja huku msingi ukibaki ule ule, na makadirio yaliyofanywa siku ya kwanza hayana maana tena.

Wapo watakaosema kwamba Mombasa haina vimbunga, na kwamba hesabu hizi ni za nchi nyingine. Historia ya bahari yetu haiwaungi mkono. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar na kuangamiza sehemu kubwa ya mashamba ya mikarafuu, na mapema Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia huku pwani ya Kenya ikitahadharishwa kuhusu upepo mkali na mawimbi. Hata hivyo jibu zito zaidi ni kwamba bango halingoji kimbunga. Tarehe 13 Mei 2024, mjini Mumbai, dhoruba ya kawaida ya kabla ya mvua za msimu iliangusha bango kubwa katika eneo la Ghatkopar. Lilikuwa na takriban futi 120 kila upande, ilhali kikomo cha manispaa kilikuwa futi 40, na liliangukia kituo cha mafuta ambapo watu walikuwa wamejikinga na mvua. Watu 17 walifariki na zaidi ya 70 walijeruhiwa. Baada ya maafa ilijulikana kwamba bango lilisimama kwenye ardhi iliyokuwa chini ya polisi wa reli, na manispaa ikasema haikuwa imetoa kibali. Bango lilionekana na maelfu ya watu kila siku, lakini wajibu wa kulikagua ulikuwa umedondoka kati ya ofisi mbili. Msomaji wa Mombasa anapaswa kulitafakari hilo zaidi ya kasi ya upepo wa siku ile.

Hatari ya pili hufanya kazi kimya kimya, nayo ni chumvi. Hewa ya pwani hubeba chembe za chumvi zinazotua juu ya chuma, zikavuta unyevu, na kutu ikaanza kula hata siku isiyo na mvua. Viwango vya kimataifa vya kupima ukali wa mazingira kwa metali huweka maeneo ya ufukweni katika madaraja ya juu kabisa. Rangi iliyopakwa haraka juu ya chuma kilichochomelewa haidumu hapa. Kinachodumu ni chuma kilichochovywa katika zinki iliyoyeyuka baada ya kuchomelewa, si kabla, ili maungo nayo yafunikwe. Jambo jingine linalosahauliwa ni kukutanisha metali mbili tofauti. Kabati la alumini likifungwa moja kwa moja kwa bolti ya chuma, kisha maji ya chumvi yakaingia kati yake, metali iliyo dhaifu huanza kuliwa ili ile nyingine isalimike. Kipande kidogo cha plastiki au mpira kinachozitenganisha huzuia hasara hiyo kwa gharama ndogo sana. Kutu pia ndiyo sababu inayofanya ukaguzi wa siku ya kuzindua usitoshe: bango lililo salama mwaka huu laweza kuwa hatari mwaka wa 4 bila mtu yeyote kuligusa.

Muuzaji atajibu kwamba skrini imekuja na cheti cha IP65, basi maji na vumbi si tatizo. Cheti hicho kina thamani, lakini tuelewe kinathibitisha nini. Tarakimu ya 6 inasema vumbi haliingii ndani ya kabati, na ya 5 inasema kabati linahimili maji yanayorushwa kwa bomba. Hakisemi lolote kuhusu chumvi, wala upepo, wala uimara wa bolti, wala msingi. Tena skrini nyingi hupata daraja hilo upande wa mbele tu, huku nyuma, ambako ndiko kuliko na nyaya na feni za kupozea, daraja likiwa la chini. Uzito wenyewe usiaminiwe kwa sababu umeandikwa kwenye karatasi. Tarehe 28 Julai 2022 skrini ya LED iliyoning'inizwa juu ya jukwaa la muziki huko Hong Kong ilianguka juu ya wachezaji na kumjeruhi vibaya mmoja wao. Uchunguzi uligundua kwamba kamba ya chuma ilikatika kwa uchovu wa metali, na kwamba uzito wa vifaa vilivyotundikwa ulikuwa umetajwa pungufu kuliko hali halisi. Ile ilikuwa ndani ya ukumbi, pasipo upepo wala chumvi. Fundi wa Mishomoroni anayetundika mzigo wa namna hiyo nje ana sababu zaidi za kudai makabati yapimwe kwenye mizani kabla hayajapandishwa.

Hatari ya tatu ni umeme, na hapa ni muhimu kujua hatari iko upande gani. Vijitaa vya mbele hutumia volti 5 hivi, ambazo hazimdhuru anayezigusa. Hatari iko nyuma, ambako stima ya volti 240 huingia katika vifaa vingi vidogo vya kuishusha. Waya mmoja uliochubuka ukigusa fremu, nguzo nzima hushika umeme, na nguzo hiyo imesimama mahali ambapo watu huegemea wakisubiri matatu na maji hutuama baada ya mvua kubwa. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 ziliwaonyesha wakazi wa Mombasa jinsi barabara inavyoweza kugeuka mto. Kinga ni mbili, nazo huenda pamoja. Ya kwanza ni waya wa ardhini ulioungwa vyema na nguzo na kupimwa kwa kifaa, kwa kuwa mchanga mkavu na jiwe la matumbawe haviupokei umeme kwa urahisi na fimbo moja iliyopigwa chini haitoshi kila mahali. Ya pili ni swichi ya kinga inayokata umeme pindi kiasi kidogo cha miliampia 30 kinapovuja, kabla moyo wa mtu haujapoteza mapigo yake.

Kuhusu swichi hiyo kuna jambo ambalo mwenye bango na mkaguzi wote wanapaswa kulijua. Kila kifaa cha kushusha umeme ndani ya skrini huvujisha kiasi kidogo mno kwenda ardhini hata kikiwa kizima kabisa. Vifaa kadhaa vikiunganishwa kwenye swichi moja, uvujaji huo hujumlika hadi swichi ikaanza kukata umeme bila kosa lolote. Skrini huzimika mara kwa mara, mteja hulalamika kwamba tangazo lake halionekani, na fundi aliyechoshwa na simu huiondoa swichi. Kuanzia siku hiyo bango linawaka vizuri na halina kinga. Jawabu la kitaalamu ni kugawa skrini katika mikondo kadhaa, kila mmoja na swichi yake, jambo ambalo ni rahisi likipangwa mapema na gumu likifanywa baadaye. Hivyo kazi hii haifai kupewa yeyote anayejua kuunga nyaya. Inamhitaji fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, ya daraja linaloruhusu kazi ya ukubwa huo, mita ya Kenya Power iliyo ya bango lenyewe badala ya waya uliovutwa kutoka duka la jirani, swichi kuu inayofungwa kwa kufuli ili fundi anayepanda awe na hakika kwamba hakuna atakayewasha, na nafasi ya kutosha kati ya fremu na nyaya za juu za barabarani. Nafasi hiyo ipimwe huku ikikumbukwa kwamba fundi naye atakuwa huko juu akishika vyuma virefu.

Kisha kuna mwanga. Mchana skrini inashindana na jua, ndiyo maana hutengenezwa iweze kutoa kandela 5,000 au zaidi kwa kila mita ya mraba. Usiku ushindani huo haupo. Wataalamu wa taa wa Uingereza kwa muda mrefu wamependekeza kwamba mjini, bango lenye zaidi ya mita 10 za mraba lisizidi kandela 300 usiku. Skrini iliyoachwa kwenye kiwango cha mchana basi humulika zaidi ya mara 16 ya kiwango hicho. Jicho lililokutana na mwanga huo hujifunga ili kujikinga, na likitoka hapo linaingia kwenye giza likiwa bado limejifunga. Katika sekunde hizo, mtu aliyevaa nguo nyeusi anayevuka mbele ya bodaboda haonekani. Kwa hiyo kifaa cha kupima mwanga wa mazingira na kupunguza ung'avu chenyewe si cha hiari. Kinapaswa pia kupangwa hivi kwamba kikiharibika, skrini ishuke au izimike, badala ya kubaki ikiwaka kwa nguvu zote hadi asubuhi. Mimweko ya haraka nayo ipigwe marufuku: mwanga unaomweka zaidi ya mara 3 kwa sekunde unaweza kuwachochea baadhi ya watu wenye kifafa.

Je, ni kweli kwamba mabango haya huwapotezea madereva umakini? Ushahidi hauendi upande mmoja, na ni haki kuueleza ulivyo. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2013 uligundua kwamba madereva karibu na Stockholm waliyatazama mabango ya kielektroniki mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko alama nyingine, ingawa haukuona tofauti katika namna walivyoendesha. Mamlaka ya barabara ya nchi hiyo iliamua yaondolewe. Nchini Marekani, utafiti wa idara ya barabara kuu uliofanyika katika miji ya Reading na Richmond ulipata kwamba kutazama bango la kidijitali kulichukua kwa wastani chini ya nusu sekunde. Wauzaji huutaja huu wa pili. Lakini wastani hauwaui watu. Wanaoua ni wale wachache wanaotazama kwa muda mrefu. Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2006, uliofuatilia magari 100, ulionyesha kwamba kuyaondoa macho barabarani kwa zaidi ya sekunde 2 huongeza hatari ya ajali au kunusurika ajali angalau maradufu. Kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo mijini Kenya, gari husafiri karibu mita 28 katika sekunde hizo 2. Kwenye barabara kuu iliyotengwa na watu, mita 28 huenda zikawa tupu. Mishomoroni, ndani ya mita hizo kuna mchuuzi, mwanafunzi na mkokoteni wa maji. Kwa sababu hiyo skrini zinazotazama barabara zionyeshe picha zilizotulia badala ya video, zibadilike bila mbwembwe, zikae mbali na vivuko, njia panda na steji, na zisitumie rangi nyekundu na kijani mahali zinapoweza kuchanganywa na taa za kuongozea magari.

Wakazi wengine huyapenda mabango haya kwa sababu mwanga wake, wanasema, huwafukuza wahalifu. Haja hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Taa ya barabarani, hata hivyo, huelekeza mwanga chini kwenye njia, huku skrini ikiuelekeza machoni na kuyafanya yaliyo kando na nyuma yake yaonekane meusi zaidi. Jirani ambaye dirisha lake linatazamana na skrini hupata mwanga unaobadilika rangi chumbani mwake usiku kucha, na mtoto mchanga au mzee mgonjwa hana pa kuukimbia. Chama cha watengeneza mabango cha Marekani chenyewe kinapendekeza kwamba usiku bango lisiongeze zaidi ya takriban laksi 3 juu ya mwanga uliopo, ukipimwa kwa umbali unaotegemea ukubwa wa bango. Kipimo hicho huchukuliwa kwa kifaa kidogo cha mkononi, na afisa wa kaunti anaweza kukitumia. Tukitaka usalama wa usiku, tudai taa za barabarani. Mwenye bango atakiwe kuzima skrini yake saa za kulala katika mitaa ya makazi.

Sheria za kufanya yote haya hazikosekani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti usimamizi wa matangazo ya nje. Barabara na hifadhi zake, kulingana na daraja la barabara, ziko chini ya kaunti au mamlaka zilizoundwa na Sheria ya Barabara ya 2007, kama KURA na KeNHA. Umeme uko chini ya EPRA, wakandarasi chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, mazingira chini ya NEMA, na wafanyakazi wanaopanda juu wanalindwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Hatari ya mpangilio huu ni ile iliyoonekana Mumbai: kila ofisi ikiona kipande chake, hakuna anayeliona bango zima. Pendekezo langu ni faili moja kwa kila bango kubwa, litunzwe na kaunti, likiwa na hesabu za upepo na msingi zilizotiwa saini na mhandisi aliyesajiliwa, cheti cha umeme, kipimo cha mwanga wa usiku, bima ya watu wa kando, na dhamana ya fedha za kulibomoa endapo mwenyewe atalitelekeza. Kibali kisihuishwe kwa kulipa ada peke yake, bali kwa ripoti ya ukaguzi wa kila mwaka unaofanyika Februari, kabla ya masika na kusi. Mwaka 2018 kaunti ya Mombasa iliwaagiza wenye majengo ya katikati ya mji wayapake rangi nyeupe na buluu. Serikali iliyoweza kusimamia rangi ya kuta inaweza kusimamia bolti za nguzo.

Pingamizi linalostahili jibu la makini zaidi ni la gharama. Vijana wenye duka dogo la simu au kinyozi mwenye skrini ndogo mlangoni hawawezi kumlipa mhandisi, na kanuni nzito zikitumika kwa wote, biashara ya matangazo itabaki kwa makampuni makubwa peke yake. Nakubali. Dawa ni kupima wajibu kwa ukubwa wa hatari. Skrini ndogo iliyofungwa ukutani mwa duka, isiyozidi mita 2 za mraba na isiyotokeza juu ya njia ya watu, itosheke na fundi wa stima mwenye leseni, swichi ya kinga na kikomo cha mwanga. Mzigo wa faili kamili uwahusu wanaosimamisha nguzo au kutundika tani juu ya umma. Kwa mradi wa ukubwa huo, gharama ya kupima udongo na kufanya hesabu ni sehemu ndogo ya bei ya skrini yenyewe, na anayesema hawezi kuimudu anasema, bila kukusudia, kwamba gharama hiyo ibebwe na wapita njia. Wala sidai tufanye kama São Paulo, ambayo kuanzia mwaka 2007 iliyaondoa mabango yote ya nje. Matangazo yana faida yake na ada yake husaidia kaunti. Ninachodai ni kwamba mapato hayo yasianze kuhesabiwa kabla ya usalama kuthibitishwa.

Mkazi wa Mishomoroni hahitaji shahada ya uhandisi ili kulinda haki yake. Nguzo ikianza kuchimbiwa karibu na kibanda chake au nyumba yake, anaweza kuuliza kwenye ofisi ya wadi: ni mhandisi gani ametia saini, udongo umepimwa lini, nguzo ni mpya au ni ya bango la zamani, fundi wa stima ana leseni gani, skrini itazimwa saa ngapi, na ni nani wa kupigiwa simu ikilegea usiku wa upepo. Jina na nambari ya huyo wa mwisho ziandikwe kwenye kibao na kufungwa kwenye nguzo, mahali mtu aliyesimama chini anaweza kusoma. Maswali hayo yakipata majibu ya maandishi, bango lisimame na biashara iendelee. Yakikosa majibu, kibali kisitolewe, na kama kimekwisha kutolewa, kisitishwe hadi majibu yapatikane.